Nzi, jozi pambanuzi na ugonjwa wa neva za mwendo

Tukitaka kuthibitisha kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili za Kiswahili, tunaweka *pata* kando ya *bata*: sauti moja tu inabadilika, na maana inabadilika nayo. Mwaka 2014, katika jarida la Science, watafiti wa University College London walieleza jaribio la namna hiyo hiyo, ila walitumia nzi wa matunda.

Walichunguza ALS (madaktari wetu, kwa Kifaransa, huandika SLA), ugonjwa unaoua neva zinazoamuru misuli. Mgonjwa hudhoofika viungo, mara nyingi hupoteza usemi, mwishowe pumzi. Katika baadhi ya familia unarithiwa. Mwaka 2011 kilijulikana chanzo kimoja kikubwa: ndani ya jeni C9orf72, herufi GGGGCC zinarudiwa. Watu wengi wana marudio yasiyofika 30, lakini mgonjwa anaweza kuwa na mamia, hata maelfu.

Kinachoua ni nini? Huenda ni RNA yenyewe, yaani maandishi yanayorundikana ndani ya seli. Huenda ni protini, yaani matokeo ya kusomwa kwake. Tena marudio haya husomwa bila alama ya kuanzia. Andika *limalimalima* bila nafasi: ukianzia *li* unapata *lima*, ukianzia *ma* unapata *mali*. Ndivyo uzi mmoja wa RNA unavyotoa protini kadhaa.

Nzi huzaliana kwa siku kumi hivi, na jicho lake likiharibika linaonekana kwa darubini. Kundi la kwanza lilipewa marudio matupu. La pili lilipewa marudio yaliyopachikwa alama za kukomesha usomaji, hivyo RNA ilibaki ndefu lakini protini hazikutengenezwa. Katika kundi la kwanza macho yaliharibika na nzi walikufa mapema. Katika la pili macho yalibaki mazima.

Mbishi angesema kwamba alama hizo zimebadilisha umbo la RNA. Kwa hiyo mimi napenda zaidi hatua iliyofuata. Kila asidi ya amino huitwa kwa kodoni, neno la herufi tatu, na arginini ina kodoni sita: visawe kamili, jambo ambalo katika lugha zetu ni adimu. Watafiti waliandika protini zilezile kwa visawe, bila mfuatano wa GGGGCC. Zenye arginini, yaani glisini-arginini na prolini-arginini, ziliua vilevile.

Nzi hana jeni ya C9orf72, kwa hiyo hawezi kutuonyesha mgonjwa anapoteza nini kazi ya jeni hiyo ikipungua. Hata hivyo swali la RNA au protini linagusa tiba. Mwaka 2022 majaribio ya dawa iliyolenga RNA ya marudio hayo yalisimamishwa, kwa kuwa wagonjwa hawakupata nafuu. Sidai kwamba najua sababu. Lakini dawa hiyo ililenga RNA ya upande mmoja tu wa DNA, na prolini-arginini husomwa kutoka RNA ya upande wa pili.