Msaada wa Masomo Wenye Sharti la Utumishi

Katika mjadala wetu wa muhula huu hoja ilikuwa hii: "Mwanafunzi anayesomeshwa Chuo Kikuu kwa sharti la kuwatumikia watu hafanyi utumishi, bali analipa deni." Walioiunga mkono walishinda kwa kura chache. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa, na dakika nilizopewa hazikutosha. Kwa hiyo namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi ya kulieleza jambo hili taratibu. Nalieleza hasa kwa ajili ya wenzetu wa Kidato cha Sita, ambao baada ya mitihani huenda wakawekewa karatasi mbele yao na kuambiwa, "Tia sahihi hapa."

Kwanza yafaa tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni zawadi: mwanafunzi amefaulu sana, akasomeshwa, na hadaiwi kitu. La pili ni mkopo, kama ule unaotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Huo hulipwa kwa fedha. La tatu ni msaada wenye sharti la utumishi: mwanafunzi hulipiwa karo, naye hulipa kwa miaka ya kazi mahali penye shida. Hilo la tatu ndilo somo letu.

Tutazame mfano wa Japani. Mwaka 1972 mikoa yote ya nchi ile ilishirikiana kuanzisha Chuo Kikuu cha Udaktari cha Jichi, kwa sababu madaktari walikuwa wakijazana mijini, na visiwa na vijiji vya milimani vilikuwa havina mganga. Kila mkoa hupeleka wanafunzi wachache kila mwaka. Karo yao huhesabiwa kuwa mkopo, lakini mkopo huo hufutwa iwapo mwanafunzi atarudi mkoani kwake na kufanya kazi kwa muda wa mara moja na nusu ya miaka aliyosoma. Udaktari kule ni miaka 6. Basi utumishi ni miaka 9, na sehemu yake kubwa hufanyika mashambani. Anayevunja ahadi hulipa fedha zote kwa mkupuo mmoja, pamoja na riba. Hata hivyo, walio wengi sana hutimiza ahadi yao.

Mfano wa pili uko Afrika Kusini, katika wilaya ya Ingwavuma, KwaZulu-Natal. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hospitali ya Mosvold ilikuwa ikihangaika kupata madaktari, kwani waliotoka mbali hawakukaa. Ndipo ulipoanzishwa mpango wa kuwasomesha vijana wa palepale. Kijana hakuchaguliwa kwa alama peke yake. Ilimpasa kwanza ajitolee kufanya kazi hospitalini kwa siku kadhaa, aone vidonda na usiku wa zamu, kisha ahojiwe na kamati ambayo wenyeji walikuwa na sauti ndani yake. Masharti yake yalikuwa mwaka kwa mwaka: mfamasia aliyesomeshwa miaka 4 hurudi kufanya kazi miaka 4, daktari aliyesomeshwa miaka 6, hurudi miaka 6.

Linganisheni mipango hiyo miwili. Yote miwili inamchukua kijana wa mahali na kumrudisha mahali. Si bahati kwamba inafanana. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mashauri yake juu ya kuwapata watumishi wa afya vijijini, lilitaja mambo hayo hayo: kuwachukua wanafunzi waliozaliwa vijijini, na kutoa misaada ya masomo yenye mkataba wa kurudi kutumika.

Sasa nirudi nyumbani, kwani sisi pia tuna historia yetu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria iliyowalazimisha wasomi kuingia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara yao kwa muda. Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawafukuza masomoni karibu wanafunzi 400. Siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa masomoni mwaka uliofuata.

Kisa hiki chaweza kusomwa kwa namna mbili. Wapinzani wangu walikitumia kuonyesha kwamba utumishi wa kulazimishwa huleta uchungu. Sikatai. Lakini tazameni tofauti: wanafunzi wale walitiwa sharti walipokuwa wamekwisha kuingia chuoni, ilhali kijana wa Ingwavuma alionyeshwa kazi kwanza, akaachiwa nafasi ya kusema "hapana". Kwa maoni yangu, deni linalokubaliwa kwa macho wazi haliui utumishi. Mkunga hupokea mshahara, na hakuna mzazi anayesema kwamba kwa sababu hiyo hakutumikiwa.

Basi, mwenzangu unayekusudia kuomba msaada wa namna hii, zingatia mambo manne.

1. Hesabu miaka. Andika umri utakaokuwa nao siku utakapomaliza kusoma, na siku utakapomaliza kutumika.

2. Uliza mahali na mwajiri. Je, ni nani ataahidi kukupa kazi? Na ikiwa kazi haipo, deni litafutwa, au litageuka fedha?

3. Soma adhabu, na umsomee mdhamini wako. Mara nyingi mdhamini ni mzazi au mjomba; ukivunja mkataba, huenda ng'ombe wake au shamba lake ndilo litakalodaiwa.

4. Usijipambe. Wanaochagua hawatafuti orodha ndefu ya vyama. Kuwafundisha watoto wa jirani hesabu kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na mwenyekiti wa kijiji akathibitisha, kuna uzito kuliko vyeti kumi vya semina za siku moja.

Asiyependa kukaa kijijini asione haya kuomba mkopo wa kawaida na kuulipa kwa uaminifu. Kinachodhuru ni kutia sahihi huku moyoni ukipanga kutoroka, maana nafasi ile ingempata mwingine, na zahanati uliyoiahidi itabaki imefungwa.

Maswali ya kujipima

(a) Daktari aliyesomeshwa miaka 6 hutumika miaka mingapi kwa sharti la Jichi, na mingapi kwa sharti la Ingwavuma? Lipi ni la haki zaidi, na kwa nini?

(b) Kwa nini wenyeji washirikishwe katika kumchagua mwanafunzi?

(c) Kama wewe ungekuwa mdhamini, ungemwuliza kijana swali gani kabla ya kutia sahihi?