Mgodi Haramu Haurudi Peke Yake

Mwezi Agosti 2021 gavana wa Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, alisimamisha kazi za makampuni ya Kichina yaliyokuwa yakichimba dhahabu Mwenga. Wakazi walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba mashamba yao yanafukuliwa na mito inageuka tope, ilhali makampuni hayo hayana haki ya kuchimba mahali yalipokuwa yakichimba. Julai 2024 gavana mwingine, Jean-Jacques Purusi, alitoa amri pana zaidi na kusimamisha uchimbaji wa madini katika jimbo zima. Kati ya amri hizo mbili ilipita miaka mitatu tu. Kama ile ya kwanza ingefika penye mzizi, ya pili isingehitajika. Kijitabu hiki kimeandikwa ili kujibu swali ambalo kila amri ya aina hii huliacha hewani: nani aliurudisha mgodi?

Jibu letu ni kwamba mgodi haramu haurudi peke yake. Mashine ya kuchimbua ardhi ina uzito wa tani nyingi, na haipiti barabara ya Mwenga usiku bila vizuizi vya askari kuiona. Mafuta yake hununuliwa, waendeshaji wake huingia nchini kwa viza, na dhahabu inayopatikana huuzwa kwa watu wanaojulikana mjini. Katika kila hatua hizo yupo mtu mwenye cheo aliyeamua kutoona, au aliyelipwa ili asione. Mtu huyo ndiye anayeukingia mgodi kifua. Operesheni inayomfukuza mchimbaji na kumwacha mkingaji mahali pake huwa nguvu ya soda: hufoka siku ya kwanza mbele ya kamera, na baada ya wiki chache kazi inaendelea.

Hatusemi haya kwa kukisia. Desemba 2024 wakuu wa jimbo waliwakamata raia 17 wa China kwa tuhuma za kuendesha mgodi wa dhahabu kinyume cha sheria. Muda mfupi baadaye waliachiwa, wakaruhusiwa kurudi kwao, na gavana mwenyewe akasema hadharani kwamba jambo hilo lilimshtua. Mapema Januari 2025 wengine watatu walikamatwa upande wa Walungu. Ndani ya gari lao, chini ya viti, vilikutwa vipande vya dhahabu na fedha taslimu, dola za Marekani zinazofikia 800,000 kwa maelezo ya gavana. Safari hii operesheni ilifanywa kwa siri. Gavana aliwaeleza waandishi wa habari sababu: alikuwa ameambiwa kwamba baadhi ya wafanyabiashara wa dhahabu wana uhusiano mzuri na watu wenye nguvu Kinshasa. Mahakama ya Bukavu iliwahukumu watatu hao kifungo cha miaka saba. Yatazame matukio hayo mawili pamoja. Sheria ilikuwa ileile, jimbo lilelile, na tuhuma zilifanana. Kilichotofautiana ni kama habari ilimfikia mkingaji kabla ya pingu kufungwa. Gavana anapolazimika kuificha serikali yake mwenyewe kazi halali ya serikali, tatizo haliko tena shimoni.

Hapa inafaa tuseme jambo moja bila kuzunguka. Katika masoko na vilabu vya Bukavu na Uvira hasira nyingi humwangukia Mchina, na tunaelewa chanzo chake. Lakini hasira hiyo humfaa mkingaji kuliko mtu mwingine yeyote. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, hairuhusu mgeni kuwa mchimbaji mdogo: kazi hiyo ni ya Mkongomani mwenye kitambulisho cha mchimbaji, ndani ya eneo lililotengwa, chini ya ushirika unaotambuliwa. Kwa hiyo mgeni mwenye mashine asiye na kibali hutafuta ushirika wa wenyeji, husaini nao mkataba, kisha huchimba kwa mashine kubwa nyuma ya karatasi inayozungumzia uchimbaji wa sururu na koleo. Ushirika huo una mwenyekiti, na mara nyingi nyuma ya mwenyekiti yupo mtu mzito zaidi. Sheria hiyohiyo imewakataza watumishi wa serikali, mahakimu, wanajeshi na polisi kuomba au kumiliki haki za madini. Mgeni akirudishwa kwao leo, mkataba unabaki kabatini ukimsubiri mgeni mwingine.

Historia ya Kivu inatuonyesha pia kwamba mkingaji anaweza kubadilika bila ulinzi wenyewe kubadilika. Kwenye mgodi wa bati wa Bisie, Walikale, miaka ya 2006 hadi 2009, brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, iliyotokana na wapiganaji wa Mai-Mai, ilikaa juu ya mlima ikitoza wachimbaji kodi isiyo na sheria. Brigedi hiyo ilipoondolewa, nafasi yake ilichukuliwa na kikosi kingine cha jeshi hilohilo, chenye askari waliotoka kundi la waasi la CNDP, na utozaji ukaendelea. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji mdogo katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Marufuku ilidumu miezi sita. Katika miezi hiyo wachimbaji wengi halali walikaa bila kazi, huku wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakithibitisha kwamba uchimbaji na magendo viliendelea chini ya askari. Marufuku ile ilimpata aliyekuwa akiitii sheria, ikampita aliyekuwa na bunduki. Rubaya nako, tangu kundi la waasi la M23 lilipouteka mji huo mwaka 2024, wataalamu hao wamekadiria kwamba kundi hilo lilikuwa likivuna kiasi cha dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi za koltani. Sare zilikuwa tofauti, na mchimbaji alilipa vilevile.

Hoja ya kwanza dhidi yetu ni nzito kuliko zote, nayo hutoka kwa wachimbaji wenyewe: mkifunga migodi tutakula nini? Maelfu ya familia za Kamituga, Shabunda na Misisi zinaishi kwa dhahabu. Hawa ni wachimbaji wa mashimo, wabebaji, wanawake wanaotwanga mawe kwenye vinu wakivuta vumbi lake siku nzima, na wauza chakula wanaowakopesha wote hao hadi siku ya mavuno. Septemba 2020, mvua kubwa ilipojaza mashimo ya Kamituga, watu wapatao 50 walikufa chini ya ardhi. Hakuna anayeshuka mle akiwa na njia nyingine bora ya kulisha watoto. Ndiyo maana hatuwaweki katika kundi moja na mwenye mashine. Na tunakwenda mbali zaidi: uharamu wa mchimbaji mdogo mara nyingi umetengenezwa na dola. Sheria inamtaka achimbe ndani ya eneo lililotengwa kwa uchimbaji mdogo, lakini maeneo hayo ni machache, na mengine hayana madini yanayofikika kwa sururu. Kwa miaka mingi ukanda wa dhahabu wenye urefu wa kilomita 210, kuanzia Twangiza hadi Namoya, ulikuwa chini ya vibali 13 vya kampuni moja kubwa, Banro. Mtu aliyezaliwa juu ya ukanda huo angechimba wapi kihalali?

Jibu la swali hilo ndilo linalomnufaisha mkingaji. Mchimbaji asiye na haki hawezi kukataa kodi ya kizuizi wala kushtaki. Akinyang'anywa gunia la mawe, hana pa kulalamika. Kwa hiyo anayepinga ulinzi wa kisiasa wa uchimbaji haramu anapaswa kudai, kwa sauti ileile, maeneo halali ya kutosha na vitambulisho vinavyopatikana bila rushwa. Wakala wa serikali wa kuwasaidia wachimbaji wadogo, SAEMAPE, unapaswa kuwafikia wachimbaji kwa mafunzo ya usalama wa mashimo badala ya kuwafikia kwa risiti tu. Kufukuza bila kutenga maeneo ni kumwandalia mkingaji wateja wapya.

Wengine husema: hata kama hawana kibali, makampuni hayo hutengeneza barabara, hujenga darasa, humpa chifu gari. Tufanye hesabu. Kwa sheria ya 2018, kampuni yenye kibali inalipa mrabaha wa asilimia 3.5 ya thamani ya dhahabu. Mrabaha huo hugawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 utawala wa eneo lenye mgodi, na asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, angalau asilimia 0.3 ya mauzo hutengwa kwa miradi ya jamii zinazozunguka mgodi. Dhahabu ya dola milioni moja, basi, inazaa mrabaha wa dola 35,000, ambapo 8,750 ni za jimbo na 5,250 za eneo, pamoja na dola 3,000 za miradi ya jamii. Msomaji atasema ni kidogo, na tunakubali kwamba asilimia hizo zinastahili kujadiliwa upya bungeni. Lakini fedha hiyo ni deni. Inaandikwa vitabuni, inaweza kukaguliwa, na isipolipwa mnaweza kwenda mahakamani. Darasa la zawadi halidaiwi. Hutolewa pale kampuni inapotaka kunyamazisha malalamiko, husimama pale inapohama, na gari la chifu ni la chifu. Wakati huohuo mto uliofukuliwa unabaki na zebaki, na hakuna aliyeweka dhamana ya kuusafisha.

Hoja ya tatu husema kwamba nchi iliyo vitani haiwezi kudai sheria ya madini ifuatwe. Amani kwanza, usafi baadaye. Tungeikubali kama ushahidi haungesema kinyume. Oktoba 2002 jopo la Umoja wa Mataifa lilieleza jinsi mitandao ya wanasiasa, wanajeshi na wafanyabiashara, wa Kongo na wa nchi jirani, ilivyoufanya uporaji wa rasilimali kuwa biashara ya kudumu hata majeshi ya kigeni yalipokuwa yakiondoka. Tume ya bunge iliyoongozwa na Christophe Lutundula ilichunguza mikataba iliyosainiwa wakati wa vita, ikakamilisha ripoti yake mwaka 2005, lakini bunge lilikwepa kuijadili. Bunduki zilipotulia kwa kiasi, karatasi ziliendelea kulindwa. Vita hulisha mitandao hiyo, nayo mitandao huilisha vita. Anayesema tusubiri amani ndipo tuwaulize wakubwa anatutaka tumsubiri mtu ambaye amani haimpi faida.

Nchi jirani zinazosoma Kiswahili nazo zimo katika hesabu hii. Wizara ya fedha ya Marekani ilisema mwaka 2022, ilipomwekea vikwazo mfanyabiashara Alain Goetz na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Uganda, kwamba zaidi ya asilimia 90 ya dhahabu ya Kongo huvushwa kimagendo kwenda nchi za jirani, zikiwemo Uganda na Rwanda, kisha husafirishwa hasa kwenda Falme za Kiarabu. Februari mwaka huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 60 zilikuwa fidia ya maliasili zilizoporwa. Hata hivyo wakuu wa nchi za Maziwa Makuu, Kenya na Tanzania zikiwemo, walikuwa wamekubaliana Lusaka tangu Desemba 2010 kufuatilia madini kutoka shimoni hadi mpakani. Chini ya utaratibu huo migodi hupewa rangi: kijani kwa uliokaguliwa na kukubalika, manjano kwa wenye kasoro za kurekebisha, nyekundu kwa wenye watu wenye silaha au ukiukaji mkubwa wa haki. Mnunuzi wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Dubai asiyeuliza rangi ya mgodi ni mkingaji wa mbali, naye anapaswa kubanwa na raia wa nchi yake.

Imebaki hofu, na hatuipuuzi. Anayemtaja mkubwa peke yake katika kijiji chenye askari anaweza kuuawa, na hatumwombi mtu yeyote ajitoe mhanga. Tunachoomba ni maswali yanayoulizwa kwa pamoja, kwa maandishi, na kwa mihuri ya parokia, misikiti, vyama vya wakulima na vya wanafunzi, ili jibu la vitisho lisiwe na mtu mmoja wa kuangukia. Mengi ya maswali hayo yana mahali pa kuulizwa. Ramani ya vibali iko wazi kwa umma katika ofisi ya usajili wa haki za madini, CAMI: kabla hujabishana na kampuni, angalia kama eneo lako lina kibali na ni cha nani. Mkataba wa ushirika na mgeni udaiwe mbele ya wanachama wote. Mashine zilizokamatwa ziorodheshwe hadharani pamoja na mahali zilipohifadhiwa, kwa sababu mashine isiyo na orodha huonekana tena mtoni. Katiba, ibara ya 58, inampa kila Mkongomani haki ya kufaidi utajiri wa taifa, na ibara ya 99 inawataka rais na mawaziri kutangaza mali zao mbele ya Mahakama ya Katiba wanapoingia na wanapotoka madarakani. Wabunge waulizwe nani ametangaza na nani hajatangaza. Na kila mtuhumiwa wa uchimbaji haramu anapoachiwa bila kesi, amri ya kumwachia ichapishwe ikiwa na jina, cheo na sahihi ya aliyeitoa, tukianza na ile iliyowatoa wale 17 mwaka 2024.