Saratani ya paka baada ya upasuaji

Majibu ya maabara yakifika, usitosheke kuambiwa "ni saratani". Muulize daktari wa mifugo ni ya aina gani, na kama kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi. Saratani ya ngozi ya masikio, inayowaandama paka weupe kwenye jua kali kama hili letu la Malindi na Kilifi, mara nyingi hupona sikio likikatwa mapema. Ya matiti ni nzito zaidi. Mapafu nayo yapigwe picha, kuona kama imesambaa.

Hata akiwa na maumivu, Panadol usimpe kamwe! Hata nusu kidonge chaweza kumuua.

Paka huficha maumivu. Je, ameacha kujilamba? Anajificha uvunguni? Akilala, hesabu pumzi zake; zikizidi 30 kwa dakika, mpigie daktari. Akigoma kula siku nzima usingoje, ini lake huharibika upesi. Mjaribu kwa changu wa kuchemsha, vuguvugu, bila miiba, chumvi wala kitunguu.

Na kwa sababu ya lile jua, paka mweupe abaki ndani saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri.

Nawe ukilia, lia. Wanaosema "ni paka tu" usiwajibu. Mtafute jirani aliyewahi kumuuguza wake, mkae barazani jioni.