Ukiuliza simu kuhusu ugonjwa, ieleze kama unavyomweleza daktari

Siku hizi wagonjwa wengi hufika kwangu wakiwa wamekwisha kuuliza programu za akili unde, kama vile ChatGPT iliyozinduliwa mwaka 2022. Sikatazi. Ila jawabu hufuata swali: ukiuliza nusu, utajibiwa nusu.

Mama mmoja kutoka Naitiri aliniletea mtoto wa miaka miwili. Siku tatu kabla, alikuwa ameandika kwenye simu maneno matatu tu: "Dawa ya homa?" Akajibiwa kwamba parasetamoli hupunguza homa. Jawabu halikuwa na kosa. Lakini mtoto alikuwa na malaria, na viganja vyake vilikuwa vimepauka kwa upungufu wa damu.

"Nilidhani inajua, daktari," akaniambia.

Haijui. Haimwoni mgonjwa wala haimpimi joto. Kwa hivyo iandikie haya:

1. Umri na uzito wa mgonjwa. Akiwa mwanamke, taja kama ni mjamzito au ananyonyesha.

2. Dalili zote, zilianza lini, na kama zinazidi.

3. Dawa alizokwisha kunywa, za dukani na za mitishamba, na kiasi chake.

4. Magonjwa mengine aliyo nayo, kama kisukari, pumu au shinikizo la damu, na dawa zinazomdhuru.

5. Mahali anapoishi na alikosafiri karibuni.

Kisha malizia hivi: "Kabla ya kujibu, niulize nisichokueleza. Halafu niambie ni dalili gani zikitokea niende hospitali mara moja."

Mama yule angaliandika: "Mtoto wa miaka miwili, kilo 11, ana homa tangu jana, hali chakula, tunaishi Bungoma, amepewa parasetamoli mara mbili." Hapo swali lenyewe lingeelekeza kwenye kipimo cha malaria, ambacho mtoto mwenye homa katika sehemu zetu apaswa kufanyiwa siku iyo hiyo.

Usiandike jina la mgonjwa wala nambari ya kitambulisho, hazisaidii tiba.

Mwaka 2025, utafiti katika kliniki 15 za Penda Health, Nairobi, ulionyesha kwamba wahudumu waliosaidiwa na programu ya aina hii walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16. Lakini kumbuka, pale programu ilisoma maelezo ya mhudumu aliyemwona mgonjwa kwa macho yake, na uamuzi ulibaki kwa mhudumu.

Mtoto akipatwa na degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida au akilegea asiamke, usiandike swali lolote. Simu itumie kuitia gari la kumpeleka hospitali.

Yule mtoto wa Naitiri alilazwa, akatibiwa, akapona. Siku ya kurudi kliniki, mamake alikuja na karatasi yenye mambo yote matano. Hata mimi daktari alinirahisishia kazi.