Bahari ya Hindi na Mvua ya Rusinga



Kila mwaka, kabla ya mvua ya vuli, ile tuiitayo opon, Idara ya Hali ya Hewa hutoa taarifa ya msimu. Taarifa husomwa barazani mara moja, kisha watu huondoka wakisema, "Wamesema mvua itakuwa nyingi," au "Wamesema hakuna mvua." Mara nyingi taarifa haikusema hivyo hata kidogo. Mwezi huu tujifunze kuisoma, maana mbegu hununuliwa kwa pesa, na mkopo haungoji mvua.

Labda utauliza: mtu aliye Nairobi huionaje mvua ya Oktoba hali ingali Agosti? Haioni. Anachotazama ni bahari. Bahari ya Hindi ni kama mizani ya duka. Kwa kawaida maji ya upande wa Indonesia huwa na joto kuliko maji ya upande wetu. Lakini miaka mingine mizani hugeuka: upande wetu hupata joto kupita kawaida, na upande wa pili hupoa. Maji ya joto hutoa mvuke mwingi, mvuke huwa mawingu, na pepo huyaleta mpaka huku kwetu. Upande wetu ukipoa kupita kawaida, vuli huwa haba. Wataalamu huliita jambo hili Daipoli ya Bahari ya Hindi. Walilieleza katika maandishi yao mwaka 1999, ingawa lilikuwapo tangu zamani. Na kwa kuwa bahari haipati joto wala haipoi kwa siku moja, mtu aipimaye Agosti aweza kukisia Oktoba.

Wengi hudhani El Nino ya Bahari ya Pasifiki ndiyo pekee iletayo mafuriko. Sivyo. Mwaka 1961 hapakuwa na El Nino, lakini Bahari ya Hindi ilikuwa imegeuka, na wazee wanaijua mvua iliyofuata. Kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2019 bahari iligeuka tena, na mwaka 2020 maji ya ziwa yakafika kimo kama kile cha 1964. Wenye mashamba ya ufuoni hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme taarifa imeandika: juu ya kawaida asilimia 45, karibu na kawaida 35, chini ya kawaida 20. Maana yake ni kwamba, kama tungekuwa na miaka 100 yenye bahari ya namna hii, 45 ingekuwa na mvua nyingi, 35 ya wastani, na 20 ingekuwa haba. Ile 20 si sifuri. Ni mwaka mmoja katika kila mitano. Mkulima atakayepanda shamba lote mahindi ya muda mrefu kwa sababu ya ile 45 amecheza kamari bila kujua. Ni heri sehemu moja iwe mahindi, na nyingine mtama au ndengu, na muhogo using'olewe wote.

Tena, kawaida ya Rusinga si kawaida ya Kisii. Mvua iliyo juu ya kawaida kwetu kisiwani, au katika Bonde la Lambwe, yaweza kuwa ndogo mno kwa mtu wa Kisii. Usiige upandaji wake kwa kuwa mmesikia taarifa moja redioni.

Kosa moja nalijua vizuri kwa kuwa ni langu. Msimu mmoja nilipewa taarifa niisome barazani. Nikaona ni ndefu, nikaifupisha: "Mvua itakuwa nyingi." Niliacha maneno yaliyosema kuwa huenda ikanyesha kwa siku chache na kukatika mapema. Ikanyesha kwa nguvu wiki mbili, ikachukua udongo wa vilimani, kisha ikakoma. Maharagwe yakakauka yakiwa na maua. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ile mvua uliyotutangazia imekwenda wapi?" Jumla ya milimita ilikuwa kubwa kweli, lakini jumla hailishi maharagwe. Tangu siku hiyo naisoma yote, hata watu wakipiga miayo.

Huko Bunyore, wazee wa ukoo wa Nganyi, wajuzi wa mvua, wamekaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa. Wazee walitazama miti, ndege na wadudu, wataalamu wakaleta hesabu za bahari, kisha wakatoa taarifa moja kwa lugha ya watu wa pale. Nasi tuna wazee wanaojua pepo za ziwa. Waitwe barazani siku taarifa inaposomwa.

Wenye mashua wasichanganye mambo: taarifa ya msimu haisemi lolote kuhusu dhoruba ya usiku huu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, pepo za pande zote hukutana juu ya maji, na ngurumo huzaliwa hapo. Kwa safari ya omena sikiliza taarifa ya ziwa ya siku ile ile.

Aliye na daftari la kipimo cha mvua, hata la mtoto wa shule, alilete afisini tunakili. Tarehe na milimita zatosha.