Shughuli Ngome Kongwe: Vidokezo kwa Mwandaaji

Unataka mahali pa warsha asubuhi na taarabu usiku, watu wasihamehame? Ngome Kongwe ya Unguja imeshazoea kubadilishwa kazi. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya Mreno kutimuliwa mwaka 1698. Baadaye ikawa jela, kisha karakana ya treni ya Bububu, kisha klabu ya wanawake. Shughuli yako haitaishangaza.

1. Kagua ua kwanza. Jukwaa lipo, na watazamaji hukaa kwenye ngazi za mawe. Mawe hayo saa 9 alasiri huwa ya moto, na saa 4 usiku ni magumu vilevile. Kodi mito, la sivyo wazee wataaga mapema.

2. Uliza swala kabla ya kuuliza bei. Magharibi huingia kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na misikiti iko jirani. Mpe fundi mitambo nyakati zote kwa maandishi, maana akishavaa vile visikio vyake hasikii adhana wala wewe. Muziki uanze baada ya isha. Ijumaa mchana usipange kikao, utahutubia viti.

3. Usipigilie msumari. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na mji wote umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Asiyeamini kwamba majengo haya huchoka atazame hapo jirani: sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020. Mpambaji aje na nguzo zinazosimama zenyewe. Akikujia na nyundo na boksi la misumari, mpe nauli arudi.

4. Tazama msimu. Masika, Machi hadi Mei, ua usio na paa unahitaji turubai la maana. Februari ni kukavu, lakini ndiyo zamu ya Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, kwa hiyo wahi kuulizia tarehe.

5. Kikao kidogo kikihamia nyumba ya vichochoroni, tafuta hamali na mkokoteni. Gari litaishia barabarani.

6. Chakula cha usiku kisikuumize kichwa: Forodhani iko ng'ambo ya barabara. Wape wageni saa moja na hela ya urojo.