Mwarobaini na chembe za fedha: mtaalamu anajibu

Jani linawezaje kutengeneza chembe za madini?

Fedha yenyewe haitoki kwenye jani. Inatoka kwenye nitrati ya fedha, chumvi ambayo ikiyeyuka majini huachia ayoni za fedha. Unachemsha majani ya mwarobaini, unachuja, kisha unamimina maji yake kwenye myeyusho wa nitrati hiyo. Flavonoidi na terpenoidi za jani huzipa ayoni elektroni. Ayoni hugeuka atomi, na atomi hushikamana kuwa chembe zisizofikia nanomita 100. Utaona mabadiliko kwa macho: maji ya njano hafifu yanakolea kama chai hadi kuwa kahawia. Rangi hiyo ni ya chembe zenyewe, maana hufyonza mwanga wa nanomita 400 na kitu. Mwaka 2004 watafiti wa National Chemical Laboratory, mjini Pune, India, walitumia mwarobaini kutengeneza chembe za fedha, za dhahabu, na za madini hayo mawili kwa pamoja.

Kuna faida gani kuliko njia ya kawaida?

Jani hushika nafasi ya kemikali kali kama borohidridi ya sodiamu, tena huzivika chembe utando unaozizuia kugandana. Hata hivyo nitrati ya fedha inabaki pale pale: inaunguza ngozi na ni sumu kwa viumbe wa majini. Anayeiita njia hii salama kabisa anapita mipaka.

Chembe hizi huuaje bakteria?

Chembe hung'ang'ania utando wa seli na kuutoboa, huku zikiachia ayoni zinazonasa salfa iliyo kwenye protini. Vimeng'enya vinakwama.

Basi tumepata jibu la usugu wa dawa?

Bado. Mwaka 1975 waliripotiwa bakteria wa salmonela sugu kwa fedha katika wodi ya majeruhi wa moto huko Boston, Marekani. Isitoshe, jani la masika na la kiangazi hayana kemikali sawa, kwa hiyo ukubwa wa chembe hubadilika. Kinachonisumbua zaidi ni tafiti zinazoishia kwenye sahani ya maabara, bila kupima kama kipimo kinachoua bakteria kinaziacha salama seli za binadamu.

Naweza kutengeneza nyumbani nikanywa?

Hapana, tafadhali. Fedha ikilimbikizana mwilini huigeuza ngozi kuwa ya kijivu-buluu, na rangi hiyo kwa kawaida haitoki tena. Kama una kidonda, nenda zahanati. Huko kuna dawa zilizopimwa.